Majina Kumi na Saba ya Lodi Wexcombe

Vidole vya Félicité viliganda juu ya kompyuta na mzee wa Kiingereza akamkazia macho. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na hapo ndipo walipo mpaka dakika hii.

"Nimekuuliza swali," alisema Lodi Wexcombe. "Mbona umeacha kuandika?"

Aliyekosa gazeti la wiki jana ashike haya machache. Mzee huyu ni Lodi Lionel Wexcombe, mwana wa lodi, mjukuu wa malodi. Ujanani alikuwa bwana shauri Tanga. Baadaye akawa balozi katika nchi nne, mbunge miaka kumi na minane, mwisho waziri. Sasa ana miaka themanini na kifua kibovu. Madaktari wamemtuma Durban akaote jua, naye amepanga jumba la zamani huku Glenwood, lenye baraza inayotazama bandari. Kila asubuhi hukaa kitini akasimulia maisha yake, na Félicité huyapiga chapa. Ijumaa kitabu kinakwenda London.

Leo wamefika sura ya kumi na moja, Bukavu, mwaka 1996. Mzee alikuwa huko kama mjumbe wa amani wa serikali yake, wakati watu kumi na saba waliojificha kanisani walipouzwa wakauawa. Sentensi aliyoisema sasa hivi ni hii: "Aliyewauza wale watu kumi na saba hakuwa mwingine ila mkalimani wangu mwenyewe, Anaclet Mushagalusa."

Anaclet Mushagalusa ndiye baba yake Félicité.

Lodi hajui. Binti anaitwa Félicité Nabintu, na kwao Bukavu mtoto halazimiki kubeba jina la baba. Yeye naye hakujua ameingia nyumba ya nani. Mama yake, katika miaka kumi na tisa, hajawahi kumtaja mjumbe yule kwa jina. Husema "yule muzungu", basi, na kufunga mdomo.

"Kidole iko inauma, Patron," Félicité alijibu.

"Kidole kinauma. Ki-na-u-ma." Lodi aligonga fimbo yake sakafuni mara nne, moja kwa kila silabi. "Na mimi si patron. Sina kiwanda cha sabuni. Mheshimiwa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Endelea. 'Mtu niliyemlisha mezani kwangu. Mtu mwenye roho ya mbwa mwitu.'"

Félicité aliandika. Kila herufi ilimpanda mkononi kama moto. Alipofika kwenye nukta aliinua kichwa, na sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyotarajia.

"Mheshimiwa, batu wa London wakiuliza, iko preuve?"

"Hakuna 'iko'. Kuna. Kuna ushahidi. Sanduku la nne katika chumba cha nyuma, bahasha ya kahawia. Lete barua yake. Tutainakili yote neno kwa neno, dunia isome."

Barua yake! Félicité aliinuka.

Barua hiyo aliisikia tangu utoto na hakuwahi kuiona. Kule Bukavu ilisomwa mbele ya watu, na siku ya tatu yake vijana wa mtaa walimtoa Anaclet nyumbani wakampiga mawe mpaka akafa. Hapa Durban wako Wakongo wanaovuka barabara wakimwona mama yake. Mbele ya kanisa zima Félicité ameitwa mtoto wa msaliti, akiwa na miaka tisa na gauni jeupe la komunyo.

Alifunga mlango wa chumba cha nyuma kwa kisigino. Sanduku la nne. Bahasha. Karatasi moja tu, imekunjwa mara mbili, imeandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama askari wa gwaride.

"WAHESHIMIWA. BAADA YA SALAMU NYINGI, NINAYO HESHIMA KUWAARIFUNI YA KWAMBA WATU MNAOWATAFUTA WAMO HUMO KANISANI, NAO NI HAWA WAFUATAO."

Yakafuata majina kumi na saba. Chini kabisa, kwa wino mweusi zaidi: Anaclet.

Alisoma mara ya kwanza akalia bila sauti. Alisoma mara ya pili, machozi yakakauka. Alisoma mara ya tatu, na safari hii alisoma kama mtu anayesikiliza.

Kisha akatoa simu, akapiga picha, akaituma kwa mama yake. Chini yake aliandika: "Mama soma. Ndiyo ile barua. Papa ni innocent, hana kosa!"

Alama mbili ndogo zilitokea, zikageuka buluu. Mama ameisoma. Félicité alisubiri jibu.

Halikuja.

"Félicité!" fimbo iligonga sakafu. "Umelala humo?"

Alirudi na karatasi mkononi. Hakuketi.

"Soma kwa sauti," aliamuru mzee, akafumba macho kama anayetaka kusikiliza muziki.

Akasoma. Alipofika kwenye "wamo humo kanisani", Lodi alitikisa kichwa kwa raha.

"Kiswahili safi. Sivyo? Msaliti, lakini sarufi yake haina doa."

"Haina doa kabisa, Mheshimiwa. Naomba kuuliza. Leo tangu asubuhi umenisahihisha mara ngapi?"

Mzee alifumbua jicho moja. "Sikuhesabu. Nyingi mno."

"Na jana?"

"Kiswahili chenu ni takataka, binti. Si kosa lako. Mmekiokota barabarani."

"Huyu Anaclet alizaliwa wapi?"

"Huko huko. Mtaa mmoja unaitwa Kadutu."

"Mimi pia nilizaliwa Kadutu." Félicité aliiweka barua juu ya meza, akaibana kwa kiganja. "Pale haiko mutu mumoja anasema 'wamo humo'. Hata mwalimu. Hata padri. Sisi tunasema 'beko mu kanisa'. Na mutu wa bureau, wa ofisi, kama Anaclet, akitaka kuandika barua ya heshima, anaandika kifaransa. Hii barua haikutoka Kadutu, Mheshimiwa. Hii ilisemwa na mutu alijifunza Kiswahili Tanga."

Chini kule bandarini honi ya meli ililia, ikanyamaza.

Unadhani Lodi alishtuka? Ndugu msomaji, watu wa namna ile wamefundishwa tangu utotoni kutoshtuka mbele ya watumishi. Alitabasamu, akachukua kikombe chake, akanywa chai funda moja.

"Wewe ni nani?"

"Niko mutoto wa Anaclet."

"Ahaa." Alikitua kikombe taratibu. "Alikuwa na mtoto, kweli. Kitoto kimoja chenye kamasi."

"Ndiyo mimi."

"Basi umekua vizuri. Nipe karatasi hiyo."

Félicité hakuinua kiganja. Mzee wa miaka themanini alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakuitegemea, akaing'oa barua chini ya vidole vyake, na palepale, macho yake ya kijivu yakiwa juu ya uso wa binti, akaichana. Mara moja. Mara mbili. Mara nne. Vipande alivitumbukiza ndani ya chai.

"Mutu hachani preuve yake mwenyewe," Félicité alisema. "Umekubali."

"Nimekubali nini, na nani amesikia? Hebu nikufundishe jambo la mwisho, kwa kuwa leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa. Mji ulikuwa unaanguka. Kwenda uwanja wa ndege ilibaki barabara moja, na katikati yake alikaa kamanda na bunduki hamsini. Alitaka majina. Mimi nilitaka barabara. Hiyo inaitwa diplomasia."

"Wale batu walikupa majina yao uwatoroshe! Walikuamini!"

"Waliniomba. Kuomba si kuamini."

"Na ndani ya magari yako ulitoa nani?"

Lodi aligeukia bandari. Félicité alijibu kwa niaba yake, maana sura ya mbwa, isiyotaja mji wowote, alikuwa ameiandika kwa mkono wake juzi Jumatatu, kurasa sita nzima za upendo.

"Mbwa wawili. Mbwa wawili, sekretari yako, na sanduku za vinyago. Gari ya tatu ilikuwa na vinyago!"

"Vipo makumbusho sasa. Watoto wa shule huvitazama bure." Mzee alikohoa, akajifuta mdomo kwa kitambaa chenye nembo ya ukoo wao. "Serikali yangu ilitaka kujua majina yalivujaje. Nilihitaji mtu. Baba yako alikuwa karibu, nikampa padri nakala ya barua yenye jina lake. Mwaka uliofuata nikawa waziri. Ungekuwa na akili ungeona kwamba hakuna niliyemchukia, si wao wala yeye. Ni kazi."

"Papa yangu alikufa kwa mawe."

"Na Ijumaa atakufa tena, kwenye karatasi nzuri zaidi. Nitaongeza ukurasa mmoja kuhusu binti yake aliyeingia nyumbani mwangu kwa hila. Karatasi yako ya ukimbizi inaisha lini?"

Félicité alitazama vipande vya barua vikielea katika chai.

"Mwezi wa tisa, nadhani. Uliniomba ruhusa ya kwenda kuihuisha. Nina rafiki wengi katika nchi hii, binti. Barua moja yangu tu."

"Barua zako tunazijua," alijibu Félicité.

Kwa mara ya kwanza uso wa Lodi ulibadilika rangi. Alibonyeza kidude kilichoning'inia shingoni mwake, kile cha kumwitia mlinzi, akasema ndani yake maneno tisa. "Salvator. Msichana anatoka. Mnyang'anye simu. Funga geti nyuma yake."

Salvator alikuwa Mrundi mwenye kifua cha mlango. Alimchukia Félicité tangu siku ya kwanza, maana kazi hii aliitaka kwa ajili ya dada yake. Alisimama kati yake na geti, mkono mmoja umenyooshwa.

"Toa simu."

"Hii ni simu yangu, Salvator. Yule hana haki."

"Haki ni mambo ya mahakama. Hapa ni geti."

"Unajua alifanya nini? Aliuza batu kumi na saba, halafu akamusingizia papa yangu."

"Eish! Nyinyi Wakongo, kila mahali mnaleta kesi." Salvator alimshika mkono, akaukunja nyuma, akaitoa simu mfukoni mwa sketi yake kama anayetoa mwiba. "Mimi niko na watoto watatu. Huyu mzee akifa mbaya au akifa mzuri, mimi ni mshahara. Toka."

Geti lilijifunga kwa kishindo. Félicité alisimama peke yake barabarani, mkono unauma. Juu barazani, Lodi Wexcombe alikuwa amesimama na fimbo yake, akimtazama kama mtu anayetazama maji machafu yakitoka kwenye mfereji.

Mzee alidhani ameshinda. Alichana karatasi, akachukua simu. Ila picha ilikuwa imekwishafika mtaa wa Point, mikononi mwa mama yake Félicité, Mama Marie-Jeanne.

Félicité akacheka! Palepale kwenye lami, peke yake, akacheka mpaka mpita njia mmoja akageuka.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipofika mjini alikatiza kwenye robot, taa za barabarani, bila kungoja kijani, akashuka barabara ya Point mpaka saluni moja yenye mlango wa chuma ulioteremshwa nusu. Tangu fujo za Aprili, wageni walipokimbizwa na maduka yao kuvunjwa, mwenye saluni hajaufungua mlango huo wote. Félicité aliinama, akaingia.

"Mama Gloriose, jambo."

Gloriose aliendelea kusuka. Mteja wake alikuwa amesinzia. Mwanamke huyu, msomaji, mume wake alikuwa jina la tano katika yale kumi na saba. Miaka yote hii wanasali kanisa moja na Marie-Jeanne, na hajawahi kumpa mkono wa amani.

"Sina nafasi ya kichwa yako," alisema bila kugeuka.

"Sikukuya kusuka. Nimekuya kukuambia, papa yangu hakuuza batu."

Kitana kilisimama hewani.

"Toka."

"Mama Gloriose, nisikilize..."

"Toka, nimesema! Padri alitusomea ile barua na mdomo yake. Nilikuwa pale. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Unataka kunifundisha nini, wewe ulikuwa unanyonya?"

"Alisoma nini? Unakumbuka?"

"Kukumbuka?" Gloriose aligeuka sasa, macho mekundu. "Mimi nalala nayo. 'Wamo humo kanisani, nao ni hawa wafuatao.' Nataja majina moja kwa moja mpaka ya bwana yangu, halafu narudia."

"Wamo humo," alisema Félicité pole pole. "Mulikuwa voisins, nyumba kwa nyumba. Papa yangu alikuya kwenu kila Jumapili. Siku gani ulimusikia anasema 'wamo humo'?"

Mteja aliamka, akauliza kuna nini.

Gloriose aliacha kitana kianguke. Aliketi juu ya kreti ya soda kama mtu aliyekatwa miguu. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, ikijaribu maneno yale kwa sauti ya marehemu jirani yake, na maneno yakikataa.

"Anaclet alikuwa anasema kama sisi," alinong'ona hatimaye.

"Kama sisi."

"Sasa ni nani alisema vile?"

"Iko muzungu. Iko hapa hapa Durban. Mama yangu iko na picha ya barua kwa simu. Kuya uone na macho yako."

Gloriose alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Chuki ya miaka kumi na tisa haitoki kwa siku moja, na ilikuwa bado imekaa usoni pake, haijui pa kwenda.

"Saa kumi nakuya," alisema. "Lakini kama unanidanganya, binti ya Anaclet, Jumapili nitakutemea mate mbele ya batu wote."

"Sharp, sawa. Saa kumi."

Saa kumi ikikaribia, Félicité alipanda ngazi za jengo lao mbili mbili mpaka ghorofa ya nne. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na kwa mara ya kwanza maishani alitaka majirani wote wafungue milango wamwone anavyopita.

"Mama! Mama, umeona? Nimemupata! Ni yule muzungu wako, ni yeye Lodi! Nilimwambia kwa uso. Akachana barua, lakini..."

Marie-Jeanne alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mikononi, ameishika kwa mikono yote miwili kama sahani yenye mchuzi wa moto. Hakuinua kichwa.

"Funga mlango, mwanangu."

"Mama, Gloriose anakuya! Gloriose! Saa kumi iko hapa, atasema mbele ya kanisa, jina la papa litakuwa..."

"Nimesema funga mlango. Kisha ukae."

Félicité alifunga. Lakini hakukaa.

"Umemwambiaje huyo mzee?" aliuliza mama.

"Nilimwambia Kadutu haiko mutu anasema 'wamo humo'."

"Ni kweli. Kadutu hayupo." Marie-Jeanne alivuta pumzi. "Mimi umenisikia nikisemaje, siku zote ulizokaa nami?"

Hapo ndipo binti alipotulia.

Mama yake hakuzaliwa Bukavu. Alilelewa Kigoma, kwa masista, akasoma shule huko mpaka akaolewa upande wa pili wa ziwa. Kiswahili chake majirani hukitania: cha radio, husema, cha mwalimu. Alisema "hayupo". Alisema "wamo". Alisema hivyo kila siku, jikoni, kanisani, akitafuta funguo zake: "zimo humo kwenye mkoba". Félicité alikuwa ameyasikia maneno hayo mara elfu, na leo katika chumba cha nyuma cha Glenwood masikio yake yalimpita mama yake, yakamwona Mwingereza tu.

"Hapana," alisema.

"Herufi hizo ni zangu. Aliniambia niandike kubwa kubwa ili mkono wangu usijulikane."

"Hapana, Mama. Alikiri! Alisema ni yeye!"

"Maneno ni yake. Aliyatamka, nami nikayaandika. Kalamu ilikuwa yangu." Sauti ya Marie-Jeanne haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha Félicité zaidi. "Baba yako alikuwa ametumwa uwanja wa ndege. Mzungu akaja nyumbani na gari. Alikubeba, akakuweka kiti cha nyuma, pamoja na mbwa. Ulikuwa unacheka, ulipenda mbwa. Akasema, 'Mama, mtoto wako ataondoka na mimi au atabaki na wewe, inategemea mwandiko wako.' Akanipa karatasi."

"Hukujua. Hukujua ilikuwa ya nini."

"Nilijua."

"Mama!"

"Sitakudanganya leo. Mtu anayeandika 'nao ni hawa wafuatao' anajua anaandika nini. Niliandika majina kumi na saba. Niliyajua yote. La tano nilisita. Akagusa mlango wa gari, nikaliandika." Aligeuza simu mikononi. "Jina la baba yako sikuliandika. Aliniambia niache nafasi chini. Aliliongeza yeye baadaye. Siku wanampiga nilikuwa pale, nawe umo mgongoni mwangu. Neno moja tu lingewazuia. Wangemwacha, wakaniua mimi, na wewe pamoja nami."

"Basi ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Félicité alisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. Alitafuta ndani yake chuki aliyoibeba kutoka Glenwood, ile nzuri, iliyonyooka, yenye uso mmoja wa mzungu. Bado ilikuwapo. Lakini sasa ilikuwa na nyuso mbili, na moja ilimnyonyesha.

Hatua zikasikika kwenye ngazi. Nzito, zikipumzika kila ghorofa.

"Ni yeye," alinong'ona Félicité. Alimrukia mama yake, akaipokonya simu. "Tutasema picha haikufika. Tutasema Salvator alichukua simu kabla. Ni karibu kweli. Nafuta, Mama. Nafuta sasa."

Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Neno "Futa" lilikuwa linamngoja.

Fikiria, msomaji. Akifuta, Ijumaa sura ya kumi na moja inakwenda London na jina la baba yake linaoza milele. Asipofuta, mwanamke anayepanda ngazi atampata anayemtafuta kwa miaka kumi na tisa, naye yuko hapa kitandani, amevaa kanga na soksi.

Mlango uligongwa mara tatu.

"Félicité. Ni miye Gloriose." Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyekuja kuomba msamaha. "Na mama yako, kama iko pale... Marie-Jeanne, dada yangu. Nimetembea njia yote nikifikiria nitakuambia nini."

Félicité alitikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakimtoka, akimwonyesha mama yake ishara ya kunyamaza. Nyamaza. Nyamaza kama zamani.

Marie-Jeanne aliinuka. Alifungua vidole vya binti yake kimoja kimoja, kama vya mtoto aliyeshika kisu, akaichukua simu ikiwa nzima na picha yake. Alitembea hatua nne mpaka mlangoni, akageuza ufunguo, akaufungua mlango wote.

Gloriose alikuwa amesimama pale, mikono imenyooshwa tayari kukumbatia.

"Usinishike kwanza," alisema Marie-Jeanne. "Ingia ukae. Barua nitakusomea mimi, kama nilivyoiandika."